Kumfundisha mbwa wa ulinzi bila fimbo wala mnyororo: uzi kwa wafugaji

#1 Mtunza Geti (mleta uzi)

Wana jukwaa, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma nyuzi za wenzetu wanaotafuta mbwa mkali wa kulinda nyumba, na ushauri wanaopewa haubadiliki: mfungie gizani mchana kutwa, mpunguzie chakula, mtilie pilipili kwenye ugali, mchape mpaka amjue bwana wake. Nami niliufuata ushauri wa namna hiyo kwa karibu mwaka mzima, nikaishia kuwa na mbwa anayelikimbia geti. Naandika kueleza jinsi nilivyomrudisha, kwa sababu njia niliyoitumia haihitaji fedha nyingi wala mbwa wa ukoo wa kigeni.

Mbwa wangu anaitwa Jimi. Ni dume, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, nilimchukua akiwa na miezi minne. Alipofikisha miezi minane nilimlipa mtu aliyejitambulisha kuwa mkufunzi aje nyumbani mara tatu kwa wiki. Alikuja na mnyororo wa chuma na fimbo ya mpera. Akisema "kaa" na mbwa asikae, aliuvuta mnyororo kwa ghafla hadi mbwa akohoe, kisha fimbo ikafuata. Baada ya wiki tatu Jimi alikuwa anakaa kila mkono ulipoinuliwa, nami nikalipa fedha iliyobaki nikiamini nimepata nilichokitaka.

Kasoro ilijitokeza baadaye. Geti letu hufungwa kwa mnyororo na kufuli. Kila nilipougusa mnyororo ule jioni, Jimi alijikunyata, akaubana mkia, akakimbilia chini ya simtanki, na mara nyingine alijikojolea palepale. Mkufunzi alidhani anamfundisha kukaa. Kumbe alichokishika mbwa ni kwamba sauti ya chuma kugongana na chuma hutangulia maumivu. Usiku nilipomwita hakuja. Nilikuwa nafuga mlinzi anayekimbia kila geti linapofunguliwa, yaani saa ileile anayohitajika.

Nilipoanza kutafuta maarifa niligundua kwamba mambo haya si mapya. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alieleza majaribio yake ya kuwafungia paka wenye njaa katika visanduku vyenye komeo, huku chakula kikiwa nje. Paka alihangaika, akakwaruza huku na huku, hadi kwa bahati akaligusa komeo na mlango ukafunguka. Kila aliporudishwa ndani alichukua muda mfupi zaidi kutoka. Tendo linalofuatwa na jambo jema hurudiwa, na hapo ndipo ulipo msingi wa kumfundisha mbwa kukaa, kulala au kuja. Upande wa pili yupo Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu mmeng'enyo wa chakula, ambaye mbwa wake walianza kudondosha mate kabla chakula hakijafika midomoni, kwa kusikia tu dalili kwamba kinakuja. Huyu wa pili ndiye aliyenisaidia kuelewa habari ya mnyororo. Ikiwa sauti ilijifunga na kipigo, inaweza pia kufunguliwa ikafungwa na kitu kingine.

Kwa hiyo nilianza na hofu kabla ya utii. Jioni nilikaa kwenye kigoda hatua kadhaa kutoka kwenye simtanki, nikampa ubavu bila kumtazama usoni, nikamrushia dagaa mmoja mmoja. Siku za mwanzo aliwala nilipoondoka. Jioni ya tisa alitoa kichwa na miguu ya mbele, akala nikiwapo. Baada ya hapo nilichukua kipande cha mnyororo, nikakifunga ndani ya kitambaa kinene, nikakitikisa kidogo sana, kiasi cha sauti kusikika kwa shida, na papo hapo nikarusha kipande cha ini. Sauti, halafu ini; utaratibu huo haukubadilika hata mara moja. Sauti ilipomfanya ageuke kunitazama badala ya kujikunyata, nilipunguza unene wa kitambaa. Nilipoharakisha siku moja na kuutoa mnyororo wazi, alikimbia, nikalazimika kurudi nyuma hatua mbili. Kazi hiyo ilichukua karibu miezi miwili. Sasa nikishika mnyororo wa geti yeye ndiye anayefika wa kwanza.

Amri ya "kaa" ilikuwa rahisi mno, hata nikajionea aibu. Unashika kipande cha chakula ndani ya ngumi, unakipeleka puani pake, kisha unakipandisha polepole kuelekea nyuma juu ya kichwa. Pua ikifuata mkono, makalio yanashuka yenyewe. Yanapogusa ardhi, wakati huohuo na si baada ya kumpapasa na kumsifu, unatamka neno moja fupi ulilolichagua, halafu unampa. Mimi natumia "Safi!" Wengine hutumia kidude kidogo kinacholia ki-ki, na rafiki yangu anatumia kalamu ya kubonyeza. Neno hilo linamwambia mbwa ni tendo lipi hasa lililomletea chakula. Ukichelewa sekunde tatu amekwishasimama, na wewe unamlipa kwa kusimama. Baada ya kurudia mara kadhaa, mkono unakwenda mtupu na chakula kinatoka mfukoni. Ndipo unapoliweka neno "kaa" kabla ya ishara ya mkono. Watu wengi huanza na neno, wakalipiga kelele mara kumi kwa mnyama ambaye hajawahi kuambiwa maana yake.

Vipindi vyangu ni vya dakika tatu hadi tano, asubuhi na jioni kabla ya mlo. Natumia dagaa wasio na chumvi, maini au mapafu yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na ninavipunguza kutoka kwenye chakula chake cha siku ili asinenepe. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa visitumike kabisa.

Naona mtu tayari ananiuliza kama mbwa hatakuwa wa rushwa. Rushwa ni pale unapomwonyesha nyama kwanza ili akubali kukutii. Ninachokieleza ni malipo yanayokuja baada ya kazi, na kazi ikishazoeleka malipo hayaji kila mara: leo dagaa, kesho sifa, kesho kutwa kufunguliwa akimbie uwanjani.

#2 Askari Mstaafu

Mkuu, nimeisoma hadithi yako kwa makini na ninakupongeza kwa subira. Hata hivyo nimefanya kazi za ulinzi miaka mingi, na ninaona unawaharibu vijana. Mbwa ametokana na mbwamwitu, na katika kundi la mbwamwitu yupo mmoja aliye juu ambaye wengine wote wanamtii kwa sababu aliwashinda kwa meno. Mbwa asipomjua mkubwa wake ndani ya nyumba, yeye atashika ukubwa. Fimbo kwa kiasi haijaua mbwa. Isitoshe, mbwa anayelishwa maini kwa mkono ataweza kweli kumrukia mwizi?

#3 Mtunza Geti (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa hoja iliyo wazi. Habari ya mkubwa wa kundi ina historia yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha alichokiona kwa mbwamwitu waliofugwa, watu wazima wasiojuana waliokusanywa mahali pamoja na kukosa pa kukimbilia. Hao waligombana kweli. Wazo hilo lilienea zaidi baada ya David Mech kuliweka katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyohuyo alikaa majira mengi ya kiangazi akiwatazama mbwamwitu huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Aliyelieneza wazo ndiye aliyelisahihisha, ila marekebisho hayakusafiri mbali kama kosa lilivyosafiri.

Hata kama ingekuwa kweli, Jimi anajua vizuri kwamba mimi si mbwa.

Kuhusu ukali, nafikiri tunachanganya mambo mawili. Ninachokihitaji kwa mbwa wa nyumbani ni abweke mgeni anapokaribia, asiondoke uani, na anyamaze nikimwambia. Kubweka hakufundishwi kwa fimbo. Mbwa mwenye afya na anayejiamini katika eneo lake hubweka mwenyewe. Nilichomfundisha ni kuacha. Akibweka mara tatu au nne nafika, nasema "vizuri, basi," namsogezea dagaa puani. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja, hivyo ananyamaza, hapo nasema "Safi!" na kumpa. Leo "basi" peke yake linatosha, majirani wanalala, na nikisikia amebweka bila kunyamaza najua kuna jambo.

#4 Binti wa Chumbageni

Assalaam alaykum. Kaka mleta uzi, mimi niko Tanga, nyumbani kwa mama. Tuna mbwa jike wa kienyeji aliyeachwa na wapangaji waliohama, na tangu abaki, wezi wa mazao wameacha kuingia shambani nyuma ya nyumba. Mama hataki apigwe lakini pia hataki mate yake yatuguse, kwa sababu ya udhu na usafi wa nguo za sala. Njia yako yote inaonekana kuwa ya kumlisha mkononi. Je, sisi tumetolewa kwenye somo hili?

#5 Ustadhi wa Mtaa

Wa alaykum salaam, binti. Hujatolewa. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa Malik wana mtazamo mwingine kuhusu jambo hilo. Lakini najisi ya mate haijawahi kuwa ruhusa ya kumtesa. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inazungumzia wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na mbwa wa ulinzi wa shamba na mifugo anatajwa katika hadithi kwa ruhusa. Wengi humu wanaifahamu pia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa kwa tendo hilo.

Kwa upande wa vitendo, chakula si lazima kitoke kiganjani. Nilipokuwa na mbwa wa shamba nilikuwa nakirusha chini mbele ya miguu yake, au nakishusha kwa mwiko mrefu wa mbao uliotengwa kwa kazi hiyo, na bakuli lake lilikaa nje mahali pake. Kurusha kuna faida nyingine: mbwa hazoei kuwarukia watu mikononi.

#6 Fundi Bomba

Wakuu, mjadala ni mzuri, lakini naomba tuzungumzie linalotuua mbwa kila mwaka, yaani sumu. Wezi wa siku hizi hawapigani na mbwa. Wanarusha kipande cha nyama chenye sumu juu ya ukuta saa nane usiku, wanasubiri, kisha wanaingia. Mimi nimezika mbwa wawili kwa njia hiyo. Sasa mleta uzi anatuambia tuwazoeshe kwamba chakula kikirushwa ni zawadi, na Ustadhi naye ameongeza kukirusha chini. Hamuoni kwamba mnamrahisishia mwizi kazi?

#7 Mtunza Geti (mleta uzi)

Pole sana, Fundi. Swali hili ndilo gumu kuliko yote, nami nitajibu kwa urefu kwa kuwa nililitafakari kabla ya kuanza.

Kwanza, mbwa asiyefundishwa kabisa atakila kipande kile. Mbwa anayenyimwa chakula ili awe mkali atakila kwa haraka zaidi. Kwa hiyo njia ya njaa na fimbo haimkingi na sumu hata kidogo. Inamweka kwenye hatari kubwa zaidi. Kinachoweza kusaidia ni kumfundisha kwamba chakula, popote kilipo, hakiliwi mpaka litamkwe neno fulani, na somo hilo linafundishika kwa malipo bila fimbo.

Nilianza hivi. Niliweka kipande cha mapafu ndani ya ngumi, nikaishusha usawa wa pua ya Jimi. Alinusa, akalamba, akagusa kwa kucha, akajaribu kuifungua kwa meno ya mbele. Sikusema neno wala sikuondoa mkono. Baada ya kama nusu dakika alichoka, akarudisha kichwa nyuma. Wakati uleule nikasema "Safi!" na kumpa kipande kingine, tena cha ini, kutoka mkono wa pili. Tambueni kwamba hakupewa kile alichokiacha. Amepewa kilicho bora, kutoka kwa mtu anayemjua. Baada ya siku chache nilifungua kiganja, nikawa nakifunga tu anaposogea. Kisha kipande kikawekwa chini, mguu wangu tayari kukifunika. Kisha chini bila mguu, mimi nimesimama hatua mbili. Ndipo nikaongeza neno "acha" kabla ya kukiweka, na neno "kula" kila ninapompa bakuli lake. Anayetumia njia ya Ustadhi ya kurusha atangulize neno lake la ruhusa kila mara.

Hatua ya mwisho ndiyo watu wengi huiacha. Nilimwomba jirani yangu arushe kipande juu ya ukuta wakati wa jioni, Jimi akiwa kwenye kamba ndefu ya mita kumi ambayo mimi nimeishika. Mara ya kwanza aliruka kama hakufundishwa chochote. Kamba ilimzuia bila kumvuta kwa ukatili, akabaki amesimama. Nilisubiri. Aliponigeukia, nililipa vipande vitano mfululizo. Tulirudia kwa wiki kadhaa, mahali tofauti pa ukuta, saa tofauti, warushaji tofauti. Sasa kitu kikianguka ndani ya uwanja nikiwa nyumbani, huja mlangoni na kubweka, kwa kuwa amejifunza kwamba kuniletea habari kunalipa zaidi.

Pamoja na hayo, sitakuahidi kwamba mbwa aliye peke yake saa nane usiku hatakosea kamwe. Kwa hiyo mlo wake mkuu ni wa jioni ili usiku aingie ameshiba, banda lake liko mbali na ukuta wa barabarani, na asubuhi kabla ya jambo lolote nauzunguka ukuta kwa ufagio. Mafunzo yamepunguza hatari. Ukuta, chakula cha kutosha na ufagio vimefanya sehemu iliyobaki.

#8 Tabibu wa Kihonda

Naomba niongeze kwa Fundi, kwa kuwa mimi ni daktari wa mifugo hapa Morogoro. Mbwa akionekana kutetemeka, kutokwa mapovu au kuanguka, mpeleke kwa daktari mara moja na uchukue masalia ya alichokula. Usimmiminie maziwa wala mafuta mdomoni akiwa anatetemeka, kwa maana yanaweza kuingia kwenye mapafu, naye akafa kwa dawa uliyomtilia.

Nikirudi kwenye mada, nashangaa hakuna aliyewataja jirani zetu. Hapa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ndipo shirika la APOPO linapowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya husikia mlio mfupi, ki, pale anapogundua harufu sahihi, kisha hupewa ndizi au karanga. Hakuna anayempiga panya buku. Ukimpiga mara moja hutamwona tena. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufundishwa Tanzania, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza kwa kazi ya kutafuta mabomu. Alikufa Januari 2022. Watu wanaosema mnyama hawezi kufanya kazi ya hatari bila kuchapwa wangefaa kufika Morogoro.

Kitabibu nina mambo ambayo fimbo huyaficha. La kwanza ni kunguruma. Mbwa anaponguruma anatoa onyo. Mwenye nyumba akimpiga kwa sababu amemngurumia mtoto, mbwa hajifunzi kumpenda mtoto. Anajifunza kwamba onyo linaleta kipigo, na kwamba mtoto akitokea maumivu yanafuata. Safari inayofuata atauma bila kunguruma, halafu wataniletea wakisema ameuma ghafla bila sababu. La pili ni maumivu. Nusu saa ya kumkagua mbwa aliyebadilika tabia mara nyingi hunionyesha sikio lililooza ndani, jino lililovunjika au kupe waliojazana katikati ya vidole. Mbwa wa namna hiyo anahitaji tiba kabla ya mkufunzi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 nchini Ureno uliwachunguza mbwa 92 wa majumbani waliokuwa wakifundishwa katika shule za aina tofauti. Waliofundishwa kwa njia za maumivu na vitisho walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo katika mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo kuliko kwa wale waliofundishwa kwa malipo. Mwaka uliofuata chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba njia za malipo zitumike kwa mafunzo yote ya mbwa, hata wale wenye matatizo ya tabia. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Na kwa yeyote anayeumwa na mbwa wakati wa mafunzo au wakati wowote: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa mwenyewe achanjwe kabla hujamfundisha kukaa.

#9 Mkulima wa Limuru

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Nawasoma nikiwa Kenya, Limuru, na nina mbwa kijana anayekimbiza kuku. Amewaua wanne. Jirani ananishauri ninunue mkanda wa shingoni unaotoa umeme, nibonyeze kila anapomkaribia kuku. Wazee nao wananiambia nimfunge kuku aliyekufa shingoni mwake mpaka aoze. Nyinyi mnasemaje?

#10 Tabibu wa Kihonda

Ndugu wa Limuru, kuku aliyeoza hatamfundisha kitu zaidi ya kuwa na kuku shingoni, na anaweza kumletea maradhi. Mkanda wa umeme una hatari ileile ya mnyororo wa Jimi. Ukibonyeza wakati mbwa anamtazama kuku lakini mtoto wako anapita, huwezi kuchagua ni kipi kati ya hivyo viwili atakachokihusisha na maumivu. Wales waliipiga marufuku mikanda hiyo mwaka 2010.

Kumbuka kwamba kukimbiza ni burudani kwa mbwa. Kila akimkimbiza kuku amekwishajilipa mwenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumnyima nafasi: kuku wafungiwe, au mbwa awe kwenye kamba, kwa wiki zote za mafunzo. Kisha mwanzishie mbali, pale anapoweza kuwaona kuku na bado akakusikia. Anapowatazama na kukugeukia, lipa. Ukiona amekaza mwili, masikio mbele, mdomo umefungwa, umekaribia mno. Rudi nyuma hatua kumi. Unapunguza umbali kidogo kidogo. Na umpe kitu halali cha kukimbiza, hata tambara lililofungwa kwenye kamba, uliburuze baada ya kila kipindi kizuri. Wapo mbwa ambao, baada ya yote hayo, hutawaacha peke yao na kuku. Hao wajengee uzio.

#11 Askari Mstaafu

Nimesoma yote, na Tabibu amenikumbusha jambo nililoliona kwa macho yangu bila kulitilia maanani. Kazini tulikuwa na mbwa wa kunusa mizigo. Yule hakuwahi kupigwa. Alipopata harufu alikaa kimya kando ya begi, na aliyemshika alimtupia mpira wa tenisi, naye akafurahi kama mtoto. Tulikuwa tunasema ni mbwa wa wazungu, ana tabia zake. Mbwa wetu wa doria, waliokuwa wakichapwa, ndio waliotuuma sisi wenyewe. Nina alama ya mmoja wao kwenye paja. Sijasema nimebadilika kabisa, lakini naomba mleta uzi anieleze jambo moja. Mbwa wangu wa sasa nikimwita haji. Ananitazama, anakwenda zake.

#12 Mtunza Geti (mleta uzi)

Mzee, niwie radhi kwa kukuuliza: mara ya mwisho alipokuja, nini kilimpata? Mimi nilimwita Jimi ili nimfunge, ili nimwogeshe, ili nimtie dawa ya kupe, na mara moja nilimwita alipotoroka, alipofika nikamchapa kwa kutoroka. Kwake yeye alichapwa kwa kuja.

Badilisha neno. Kama lile "njoo" limeharibika, chagua jipya, au piga mluzi. Anza ndani ya uwanja, hatua tatu tu, wakati hana la maana analolifanya. Ita mara moja. Akifika, lipa vizuri, mshike ukanda wa shingoni kidogo, kisha mwachie aende zake. Ukiita mara nne, mara tatu aachiwe huru baada ya malipo, ili kuja kwako kusiwe mwisho wa raha yake. Ukitaka kumwogesha, usimwite, mfuate alipo.

#13 Binti wa Chumbageni

Nimerudi baada ya wiki tatu. Tulimpa jina la Riziki, kwa kuwa hakuwa nalo. Nilifuata njia ya Ustadhi ya mwiko na kurusha chini, nikitanguliza neno "kula," na badala ya "Safi" natumia kupiga kofi moja. Anakaa, anasubiri bakuli lake, na akisikia mluzi anakuja kutoka mwisho wa shamba hadi kwenye mstari wa matofali unaotenganisha uwanja na baraza. Mstari huo hauvuki, kwa sababu malipo huangukia upande wake tu.

Jana mama, ambaye alikuwa akipita mbali naye, nilimkuta amesimama barazani na mwiko mkononi, anapiga kofi. Riziki alikuwa amekaa, mkia unafagia vumbi. Mama aliponiona aliuficha mwiko nyuma ya kanga, akasema alikuwa anajaribu tu kuona kama mbwa anasikia.